Mbunge Akifariki: Kiti Hujazwa Vipi, na Kikundi Chetu Kifanye Nini?



Katika toleo hili tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huja bila hodi. Mbunge anafariki. Redio inatangaza, watu wanalia, magari yanajaa kijijini kwa matanga. Na kabla udongo wa kaburi haujakauka, picha za wagombea zimekwisha bandikwa kwenye miti ya sokoni.

Hapo wanavikundi wengi hubaki na maswali. Je, nani anaamua siku ya kura? Je, mtoto wa marehemu anarithi kiti? Mimi sina kadi, naweza kujiandikisha sasa? Ule mradi tulioahidiwa umekufa pamoja na mheshimiwa? Tumeona afadhali tuyajibu maswali haya pole pole, moja baada ya lingine. Mwenye kusoma na awasomee wenzake, kisha mjadiliane.

1. SHERIA INASEMA NINI?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 103, yataja njia ambazo kiti cha mbunge huwa wazi. Kufariki ni njia moja. Nyingine ni kujiuzulu kwa barua kwa Spika, kukosa vikao vinane vya bunge bila ruhusa, na kuhama chama kilichompeleka bungeni. Mahakama pia yaweza kufuta uchaguzi.

Mbunge akifariki, kifungu cha 101 chaonyesha njia ya kufuata:

(a) Spika ana siku 21 za kuiandikia Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kwamba kiti ki wazi.

(b) Uchaguzi mdogo lazima ufanywe kabla ya siku 90 kwisha, tangu siku kiti kilipokuwa wazi.

(c) Kama imebaki miezi mitatu au chini ya hapo kabla ya uchaguzi mkuu, hakuna uchaguzi mdogo. Watu hungoja ule mkuu.

Tume ndiyo hutangaza siku ya kura katika Gazeti Rasmi la Serikali. Chifu hana uwezo wa kuipanga, chama hakina, na hata familia ya marehemu haina. Mkisikia mtu sokoni akisema "kura ni mwezi ujao", muulizeni ameiona wapi tarehe hiyo.

Tuchukue mfano. Seneta wa kwanza wa Makueni, Mutula Kilonzo, alifariki tarehe 27 Aprili 2013. Watu wa Makueni walipiga kura tarehe 26 Julai 2013. Hesabuni siku kwa vidole mtaona ni 90 kamili. Kwa hiyo jambo hili lawezekana, mradi wenye kazi wafanye kazi.

Wengine huuliza: mbona gavana akifariki hatupigi kura? Ni kwa sababu gavana huchaguliwa pamoja na naibu wake, na naibu ndiye huchukua kiti. Ndivyo ilivyokuwa Nyeri mwaka 2017 baada ya kifo cha Gavana Wahome Gakuru, na Bomet mwaka 2019 baada ya kifo cha Gavana Joyce Laboso. Mbunge hana naibu. Ndiyo sababu yatubidi turudi kwenye debe.

2. BANISSA WALINGOJA MIEZI 32

Sasa hapa pana somo chungu. Sheria yasema siku 90, lakini sheria peke yake haitembei, lazima iwe na watu wa kuitembeza.

Mbunge wa Banissa katika kaunti ya Mandera alifariki mwezi Machi 2023. Kufikia wakati huo, mwenyekiti wa IEBC na makamishna wawili walikuwa wamemaliza muda wao mwezi Januari 2023. Wale wengine walijiuzulu au walitolewa. Ofisi za tume zilikuwa wazi na wafanyakazi walikuwapo, lakini hakukuwa na makamishna wa kukata shauri. Wanasiasa wakavutana juu ya namna ya kuchagua makamishna wapya, kesi zikaingia mahakamani, na hao wapya hawakuapishwa mpaka Julai 2025.

Watu wa Banissa walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Tangu Machi 2023 hiyo ni miezi 32, yaani miaka miwili na miezi minane. Katika kipindi chote hicho bajeti za taifa zilisomwa na sheria za kodi zikapitishwa, na Banissa haikuwa na mtu wa kuinua mkono kwa niaba yake. Na hilo ni eneo la ukame, ambako sauti bungeni yahitajika sana.

Siku hiyo hiyo walipiga kura watu wa Malava, ambao mbunge wao alifariki Februari 2025, na wa Kasipul, ambao mbunge wao aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 30 Aprili 2025. Wa Baringo walimchagua seneta, kwa kuwa wao pia walikuwa wamefiwa Februari 2025. Ugunja, Mbeere Kaskazini na Magarini pia walipiga kura, ila kwao si kwa sababu ya kifo. Hakuna hata mmoja kati ya hawa waliofiwa aliyepata uchaguzi ndani ya siku 90.

Tunajifunza nini? Kwamba maneno ya tume ya uchaguzi si maneno ya wakubwa wa Nairobi tu. Tume ikikosa makamishna, anayeumia ni mwananchi wa kijijini.

3. NANI ATAPIGA KURA, NANI ATASIMAMA?

Anayepiga kura ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la wapiga kura la eneo bunge hilo. Ukiwa unaishi hapa lakini ulijiandikisha Nakuru wakati wa kazi ya vibarua, kura hii haikuhusu.

Shikeni hili vizuri: kiti kikishatangazwa kuwa wazi, uandikishaji wa wapiga kura katika eneo hilo husimama mpaka uchaguzi mdogo upite. Vijana wengi hukimbilia ofisi ya tume baada ya matanga, wakaambiwa wamechelewa. Basi kijana akifika miaka 18 na kupata kitambulisho, aende kujiandikisha wakati huo huo. Asingoje kusikia kuna uchaguzi.

Mgombea naye lazima awe mpiga kura. Ule uchaguzi wa Makueni wa 2013 watukumbusha. Chama kilikuwa kimempa tiketi Kethi Kilonzo, binti wa marehemu, ambaye ni wakili. Ikaonekana kwamba hakuandikishwa kihalali katika daftari. Tume ikamzuia na Mahakama Kuu ikakubaliana nayo. Ndugu yake, Mutula Kilonzo Junior, ndiye aliyesimama na akashinda. Ikiwa wakili aliweza kuzuiwa kwa sababu ya daftari, sembuse sisi!

Mtu aweza pia kusimama bila chama. Kwa kiti cha mbunge, mgombea huru atafute watu 1,000 waliojiandikisha katika eneo bunge hilo wamuunge mkono, na awe hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya kura. Angalieni hapo: mkiulizwa nambari za vitambulisho na sahihi, ulizeni kwanza ni za nini. Msitie sahihi karatasi ambayo hamjasomewa.

4. TUNAMTUMA MTU AFANYE KAZI GANI?

Hapa ndipo tunapodanganywa sana. Mgombea anakuja anasema: "Mkinipa kura nitawajengea zahanati, nitawachimbia kisima, nitatengeneza barabara ya kwenda mtoni." Tunampigia makofi na kina mama wanapiga vigelegele. Lakini kazi hizo, zahanati, maji ya kijiji, barabara ndogo na shule za chekechea, ni za serikali ya kaunti. Hizo ni za kumuuliza gavana na mwakilishi wa wadi.

Mbunge ana kazi tatu kubwa. Ya kwanza ni kutunga sheria. Ya pili ni kukubali au kukataa bajeti na kodi za serikali ya taifa. Ya tatu ni kuiuliza serikali ya taifa maswali: walimu wako wapi, kituo cha polisi mbona hakina gari, pesa za kina mama wazee zimechelewa kwa nini.

Juu ya hizo, wananchi wamezoea kumjua mbunge kupitia mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, CDF, ulioanzishwa mwaka 2003. Kutoka huko zimetoka karo za watoto wengi na madarasa mengi. Mfuko huu umeleta mabishano mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria yake ya 2015 inapingana na Katiba. Lakini jambo moja mlikumbuke: pesa za mfuko kama huu ni za umma, si za mfuko wa koti la mheshimiwa. Kama kikundi au shule yenu iliomba kitu, ombi hilo limo katika faili ya ofisi. Halikuzikwa na marehemu. Ndiyo maana tunawaambia kila mara: wekeni nakala ya kila barua, na ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ahadi iliyosemwa kwenye harambee tu, bila karatasi, hiyo ni kweli yaweza kufa.

Basi mgombea akija, mpimeni kwa kazi yake. Badala ya kuuliza "utatuletea nini?", ulizeni: "Kodi ya mbolea ikiletwa bungeni utasimama wapi? Utarudi kutueleza mara ngapi kwa mwaka, na wapi?"

5. KURA YA MACHOZI

Mila zetu zinatufundisha kuwahurumia waliofiwa, na hiyo ni mila nzuri. Mara nyingi chama humchukua mjane, mtoto au ndugu wa marehemu. Mwaka 2019, baada ya kifo cha Ken Okoth, watu wa Kibra walimchagua ndugu yake, Imran Okoth. Mwaka 2025 watu wa Kasipul walimchagua Boyd Were, mtoto wa marehemu mbunge wao.

Sisi hatusemi ni vibaya. Sheria inawaruhusu kama inavyomruhusu raia mwingine yeyote, na pengine mtu amejifunza kazi akiwa karibu na mzazi wake. Tunasema hivi tu: kiti cha bunge si shamba la urithi. Mtu wa familia apimwe kwa kipimo kile kile wanachopimwa wengine. Ukitaka kuwafariji waliofiwa, nenda na mchango wako, nenda ukachote maji na ukawapikie wageni. Kura ni jambo jingine.

Katika kitabu cha Kutoka, Yethro alimwona mkwewe Musa akichoka kwa kuamua kesi za watu peke yake. Akamshauri achague watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, waaminifu, wanaochukia rushwa. Hakumwambia atazame ni watoto wa nani.

6. SHILINGI 500 NI NGAPI?

Uchaguzi mdogo una hatari yake. Katika uchaguzi mkuu wakubwa wa vyama hugawana nchi nzima. Katika uchaguzi mdogo wote wanateremka mahali pamoja na magari yao na magunia yao, na kijiji kimoja chaweza kutembelewa mara tano kwa wiki moja. Vikundi ndivyo hutafutwa kwanza, kwa sababu wanajua mwenyekiti akikubali, watu 25 wamekubali.

Tufanye hesabu kama tunavyofanya ya akiba. Tuseme umepewa shilingi 500, na mbunge atakayechaguliwa atakaa miezi 20 mpaka uchaguzi mkuu. Gawanya: ni shilingi 25 kwa mwezi. Haifiki hata shilingi moja kwa siku. Kuku wako hutaga mayai ya bei zaidi ya hiyo.

Wengine hujitetea: mkono mtupu haulambwi. Wengine wanasema: "Tule pesa zao, kura tumpe tumpendaye." Tunajua njaa ipo, na hatumcheki mwenye njaa. Lakini sheria inamshika anayetoa na anayepokea, wote wawili, na yaweza kuwaletea faini au kifungo. Tena yule aliyenunua kura huona amekwisha lipa deni lake. Ukimwendea baadaye juu ya walimu, moyoni anasema: huyu nilimlipa.

Na harambee? Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamkataza mgombea kushiriki harambee ya watu wote katika kipindi cha uchaguzi. Kwa hiyo kikundi kikimwalika mgombea aje "kuwainua" wakati huo, kinamtia mashakani na kinajitia chenyewe.

Shauri letu ni hili. Kabla hawajaja, itisheni mkutano na muamue pamoja, kisha katibu aandike katika kitabu cha kumbukumbu: kikundi hakitapokea pesa kutoka kwa mgombea yeyote, na kila mwanachama yuko huru kumchagua amtakaye. Mwenyekiti akija kubanwa usiku nyumbani kwake, atakuwa na la kusema: "Kikundi kimekataa, si mimi." Vikundi vingi vimevunjika kwa sababu ya bahasha moja ambayo watu wawili walijua na wengine hawakujua.

7. SIKU YA KURA

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni wakati wa kufunga ana haki ya kupiga kura, asifukuzwe. Njoo na kitambulisho kile kile ulichojiandikishia, au pasipoti kama ndiyo uliyotumia. Mashine itasoma alama ya kidole chako. Kama mkono una udongo wa shamba, uoshe vizuri.

Asiyeona, mzee asiyeweza kushika kalamu au asiyejua kusoma aweza kusaidiwa na mtu anayemwamini. Anayesaidia awe mtu mzima, na ataapa kutunza siri. Kina mama wazee wasikubali kushikwa mkono na kijana wa chama wasiyemjua.

Kura huhesabiwa pale pale kituoni, mbele ya mawakala. Matokeo huandikwa katika Fomu 35A, na nakala hubandikwa mlangoni. Mnaweza kwenda kuisoma na kunakili katika daftari. Hesabu za vituo vyote huletwa pamoja katika Fomu 35B, na hapo msimamizi wa eneo bunge hutangaza mshindi.

Watu wengi hukaa nyumbani katika uchaguzi mdogo, wakisema kura moja haina maana. Waambieni habari za Kiambaa. Mbunge wao Paul Koinange alifariki Machi 2021, na wakapiga kura tarehe 15 Julai 2021. John Njuguna Wanjiku alipata kura 21,773 na Kariri Njama alipata 21,263. Tofauti ilikuwa kura 510 tu. Hao ni wanachama wa vikundi 20 vya watu 25 hivi. Vikundi 20 vinapatikana katika parokia moja!

8. TUSIPOTEZE MTU MWINGINE

Watu wamekwisha poteza kiongozi, tusiongeze makaburi. Kabla ya kura ya Kasipul, mwanzoni mwa Novemba 2025, wafuasi wa wagombea walipambana na watu wakafa. Vijana ndio hupewa pesa za kurusha mawe, na vijana ndio huzikwa. Kijana wa kikundi chenu akiitwa "kazi ya usiku", mzuieni mapema. Wazee, kina mama na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waketi pamoja na wa dini nyingine, msikitini na makanisani, wakubaliane kwamba hakuna mkutano wa siasa katika viwanja vya ibada. Matusi juu ya kabila au ukoo yaripotiwe, hata kama yametoka kwa mgombea tunayempenda.

Anayeona kura imeibwa asichome duka la jirani. Katiba imempa siku 28 za kwenda mahakamani baada ya matokeo kutangazwa.

9. BAADA YA KURA

Mbunge mpya hapewi miaka mitano. Anamaliza ule muda uliobaki. Waliochaguliwa Novemba 2025 walichaguliwa mpaka uchaguzi mkuu wa 2027 tu. Muda ni mfupi, na hasara yake ni kwamba mtu aweza kusema hana nafasi ya kufanya kitu. Kwa hiyo msingoje mwaka upite. Katika mwezi wa kwanza mpelekeeni barua fupi yenye mambo matatu, si ishirini, na muhifadhi nakala.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

(i) Angalia: Kati yetu, wangapi wamejiandikisha kupiga kura katika eneo bunge hili? Vijana wetu wangapi wamefika miaka 18 na bado?

(ii) Pima: Katika uchaguzi uliopita, tulimpima mgombea kwa nini? Kwa kazi, kwa ukoo, kwa huruma au kwa bahasha?

(iii) Pima: Ni ahadi gani za viongozi tulizo nazo kwa maandishi? Ni zipi za mdomo tu?

(iv) Tenda: Kabla ya mkutano ujao, ni nani atawapeleka vijana ofisi ya tume kujiandikisha, na siku gani? Katibu aandike jina na tarehe.

(v) Tenda: Je, tutaandika azimio letu juu ya pesa za wagombea? Msingoje msiba. Liandikeni sasa, wakati hakuna gari la mtu lililosimama nje.